Vitamini A na Ukali wa Surua: Damu Husema Nini?

Mtoto anaposhikwa na surua, jambo la kwanza linaloonekana ni macho mekundu, kamasi zinazotiririka, homa kali, na kisha vipele vinavyoanzia nyuma ya masikio na usoni na kushuka hadi miguuni. Vipele hivyo ndivyo vilivyoupatia ugonjwa sifa yake, lakini si vipele vinavyoua. Kinachoua aghalabu ni kile kinachotokea ndani: koo linavimba na kuziba njia ya hewa, mapafu yanashikwa na nimonia, tumbo linaharisha bila kukoma. Surua, ingawa watu wengi huihesabu kuwa ugonjwa wa ngozi, ni ugonjwa wa virusi unaoingia kwa njia ya hewa, na kwa sehemu kubwa huua kwa njia hiyohiyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba ugonjwa huu hauwapigi wote kwa nguvu sawa. Watoto wawili wa kijiji kimoja na umri mmoja, walioambukizwa na mgonjwa mmoja, huweza kuwa na mwisho tofauti kabisa: mmoja anarudi kucheza baada ya siku kumi, mwingine anazikwa. Virusi ni vilevile. Basi tofauti imo katika miili iliyovipokea, na tangu mwanzoni mwa karne iliyopita wataalamu wameshuku kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni kiasi cha vitamini kilichomo mwilini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua walipimwa damu. Katika kila watoto 100, 91 walikutwa na vitamini A iliyo chini ya mikromoli 0.56 katika lita moja ya damu. Kipimo kinachotumiwa kutambulisha upungufu ni mikromoli 0.70. Kwa hiyo karibu wote walikuwa chini ya mpaka, tena mbali chini yake. Anayesoma tarakimu hizo kwa haraka atasema jambo limekwisha kuthibitishwa: watoto hawa waliugua vibaya kwa sababu walipungukiwa na vitamini A. Kumbe tarakimu hizo, zikiwa peke yake, hazithibitishi hivyo hata kidogo. Zinaweza kusomwa kwa namna mbili, na uhai wa watoto wengi umetegemea kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli.

Ili kuzielewa namna hizo mbili, hapana budi kuanza na kazi ya vitamini yenyewe. Vitamini A huingia mwilini kwa njia mbili. Katika maini, maziwa, mayai na mafuta ya samaki imo tayari. Katika mchicha, matembele, kisamvu, maembe, mapapai, karoti, mawese na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa imo rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ili mradi chakula hicho kimeliwa na mafuta kidogo. Ziada huwekwa akibani katika ini, na akiba ya mtu aliyeshiba vizuri huweza kumtosha kwa miezi mingi.

Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba vitamini hii inahitajiwa na jicho, na kwamba aliyepungukiwa nayo huanza kwa kutoona wakati wa magharibi. Kazi yake nyingine husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayohusika hapa. Njia ya hewa, kuanzia puani hadi ndani ya mapafu, imetandikwa utando laini wenye seli za aina mbili kuu. Seli za kwanza hutoa ute unaonasa vumbi na vijidudu. Seli za pili zina vinyweleo vidogo sana vinavyopigapiga pamoja kama makasia ya mtumbwi, na kuusukuma ute huo kuelekea kooni, ambako humezwa au kukoholewa. Usafi wa mapafu unategemea kazi hii isiyokoma usiku na mchana. Seli za utando huu hufa na kuzaliwa upya kila mara, na seli changa inahitaji vitamini A ili ijue iwe seli ya aina gani. Ikiikosa, haiwi ya ute wala ya vinyweleo, bali huwa bapa na ngumu, mithili ya seli za ngozi ya nje. Mwaka 1925, Wolbach na Howe waliyaeleza mabadiliko haya waliyoyaona katika panya walionyimwa vitamini A: utando wa njia ya hewa, wa macho na wa njia ya mkojo ulikuwa umegeuka kuwa mkavu na mgumu. Ni kana kwamba mlinzi wa lango ameondolewa na mahali pake pamejengwa ukuta wenye nyufa. Aidha, chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizo huihitaji vitamini hiyo katika kukua na kugawana kazi.

Sasa tazama surua inafanya nini. Virusi vyake hushambulia utando huohuo, si wa mapafu tu, bali na wa macho, kinywa na utumbo, na wakati huohuo huziingia chembe nyeupe zinazotunza kumbukumbu za magonjwa ya zamani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtoto aliyeugua surua huweza kupoteza sehemu kubwa ya kingamwili alizokuwa amejiwekea dhidi ya maradhi mengine. Utando ulioharibiwa unahitaji kujengwa upya kwa haraka, na ujenzi huo unataka vitamini A nyingi kuliko siku za kawaida. Lakini mtoto mwenye vidonda kinywani hali, na anayeharisha hakifyonzi hata kile kidogo alichokula.

Mpaka hapa hoja ya upungufu yaonekana kuwa na nguvu. Tatizo linaanza katika kupima.

Vitamini A iliyomo katika damu si ile iliyomo mwilini. Ile ya ini ni shehena iliyo ghalani. Ile ya damu ni shehena iliyo barabarani, imepakiwa katika protini maalumu ambayo ini lenyewe hutengeneza kwa kazi ya uchukuzi. Mtu anayesimama kando ya barabara na kuhesabu malori yanayotoka ghalani anaweza kukosea sana juu ya kiasi cha mahindi kilichobaki ndani. Akiona malori machache, huenda ghala ni tupu. Huenda pia ghala limejaa, ila malori yamepungua. Na hivyo ndivyo inavyotokea wakati wa homa: ini, likiwa limeshughulika na kutengeneza protini nyingine za kupambana na maambukizo, hupunguza utengenezaji wa protini ya uchukuzi, na kiasi fulani cha vitamini hupotea katika mkojo. Damu huonyesha upungufu hata kwa mtu ambaye akiba yake haijaguswa. Mwaka 1992 ilitolewa taarifa ya watoto wadogo wa jiji la New York waliokuwa na surua: takriban mtoto 1 katika kila 5 alikuwa na vitamini A ndogo katika damu, ingawa huo si mji ambao mtu angetarajia kuukuta upungufu huo.

Kwa hiyo namna mbili za kuzisoma tarakimu za Mvumi ni hizi. Ya kwanza: mtoto alikuwa na upungufu, na upungufu ukaufanya ugonjwa kuwa mkali. Ya pili: ugonjwa ulikuwa mkali kwa sababu nyingine, na ukali wenyewe ukaishusha vitamini katika damu. Ikiwa ya kwanza ni kweli, kumpa mtoto vitamini kutamwokoa. Ikiwa ya pili ndiyo kweli, kumpa vitamini ni sawa na kuisogeza mishale ya saa ili jua lichomoze mapema. Iko na ya tatu, ambayo waandishi wengi huisahau: umaskini. Mtoto wa nyumba isiyo na chakula hukosa vitamini A, lakini hukosa pia protini, hulala chumba kimoja na watu wengi, na hufikishwa hospitalini akiwa amechelewa. Vitamini yake ndogo na kifo chake vyaweza kuwa ndugu wa baba mmoja, bila mmoja kumzaa mwenzake.

Historia ya swali hili ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, tena ina sehemu ya kusikitisha. Vitamini A ilitambuliwa mwaka 1913 na McCollum na Davis huko Marekani. Mwaka 1928, nchini Uingereza, Green na Mellanby walitoa makala wakiita vitamini hii kinga ya maambukizo, baada ya kuona kwamba panya walioikosa walikufa kwa wingi wakiwa na usaha mwilini. Miaka minne baadaye, yaani 1932, daktari mmoja wa London, J. B. Ellison, aliwagawa watoto 600 wenye surua katika makundi mawili ya watoto 300. Kundi moja lilipewa vitamini A na D, jingine halikupewa. Katika kundi lililopewa walikufa 11. Katika kundi lisilopewa walikufa 26. Makala yake ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, ikasomwa, kisha ikawekwa kabatini. Baada ya muda zilikuja dawa za kuua bakteria, watoto wa Ulaya walianza kula vizuri zaidi, surua haikuwaua tena kwa wingi, na swali la Ellison likakosa mtu wa kuliuliza. Katika Afrika na Asia watoto waliendelea kufa kwa muda wa miaka 50 na zaidi huku tarakimu zile zikiwa zimechapishwa tayari.

Aliyelifufua swali hilo hakuwa mtaalamu wa mapafu bali wa macho. Alfred Sommer, daktari wa Kimarekani, alikuwa akichunguza upofu wa watoto nchini Indonesia. Alipozipitia hesabu zake aligundua jambo ambalo hakulitafuta: watoto wenye dalili ndogo tu za ukavu wa macho walikuwa wakifa mara nne zaidi ya wenzao wenye macho mazima, na kadiri dalili zilivyozidi ndivyo na vifo vilivyozidi. Taarifa hiyo ya mwaka 1983 ilipokewa kwa mashaka, na haki ilikuwa ya wenye mashaka, kwa maana hoja ya umaskini ilikuwa haijajibiwa. Mwaka 1986 wenzake na yeye walitoa matokeo ya jaribio la Aceh, katika vijiji 450 vilivyogawanywa kwa kura: vifo vilipungua kwa asilimia 34 katika vijiji vilivyopewa vitamini.

Na hapa ndipo Tanzania inapoingia. Upofu unaofuata surua ulikuwa ukijulikana sana nchini. Allen Foster, daktari wa macho, pamoja na Sommer, waliwachunguza watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika kioo cha mbele cha jicho, wakaona kwamba zaidi ya theluthi yao walikuwa wametoka kuugua surua. Ikiwa surua na ukosefu wa vitamini A hukutana katika jicho, kwa nini visikutane katika mapafu? Barclay, Foster na Sommer waliamua kulijaribu jambo hilo huko Mvumi kwa njia pekee inayoweza kuzitenganisha zile namna mbili za kusoma damu: kura.

Umuhimu wa kura unastahili kuelezwa darasani kwa uangalifu, maana si jambo la kujionyesha kwa takwimu. Daktari akiachiwa achague nani apewe dawa mpya, atampa aliye mahututi kwa huruma, au aliye nafuu kwa matumaini, na vyovyote iwavyo makundi hayatakuwa sawa. Kura haina huruma wala matumaini. Maskini na wenye nafasi, wenye ini lililojaa na wenye ini tupu, waliochelewa na waliowahi, wote hugawanyika takriban nusu kwa nusu. Ikiwa baadaye kundi moja linapona zaidi, tofauti iliyobaki baina ya makundi ni moja tu, nayo ni kile kilichotolewa.

Watoto 88 walipewa matibabu ya kawaida pamoja na yuniti 200,000 za vitamini A kwa kinywa siku ya kwanza, na nyingine 200,000 siku ya pili. Watoto 92 walipewa matibabu ya kawaida peke yake. Makundi yalilingana kwa umri, kwa ukali wa surua, kwa lishe na kwa vitamini iliyokuwamo katika damu. Katika kundi la vitamini walikufa watoto 6, yaani 7 katika kila 100. Katika kundi jingine walikufa 12, yaani 13 katika kila 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987.

Je, tofauti ya 6 na 12 yatosha? Mwanafunzi anaweza kulipima swali hili kwa sarafu ya shilingi. Tuseme vitamini haifanyi kazi yoyote. Basi vifo vyote 18 vingetokea hata hivyo, na kila kimoja kingeangukia kundi hili au lile kama sarafu inavyoangukia kichwa au mwenge, kwa kuwa makundi yalikaribia kuwa sawa. Sarafu ikirushwa mara 18, ziko njia 262,144 za kuanguka. Kwa kutumia pembetatu ya Pascal itaonekana kwamba njia 31,180 kati ya hizo hutoa vichwa 6 au pungufu, yaani takriban 12 katika kila 100. Hivyo bahati peke yake ingeweza kuleta matokeo kama haya mara moja katika kila majaribio manane. Hiyo si nadra ya kutosha kumtuliza mtu makini.

Lakini walipotazamwa watoto walio chini ya miaka 2, picha ilikuwa kali zaidi: kifo 1 kwa waliopewa vitamini, vifo 7 kwa wasiopewa. Sarafu ikirushwa mara 8, njia ni 256, na ni 9 tu zinazotoa kichwa kimoja au kutotoa kabisa. Hiyo ni chini ya 4 katika kila 100. Tofauti ilikuwa kubwa pia kwa wale waliovimba koo na njia kuu ya hewa. Mwalimu mwangalifu atawaonya wanafunzi wake hapa: ukiligawa kundi katika vipande vingi, hatimaye utapata kipande kinachokupendeza. Jaribio la Mvumi, pamoja na heshima yake yote, lilikuwa dogo, na lilihitaji kurudiwa mahali pengine na watu wengine.

Lilirudiwa Cape Town. Hussey na Klein, katika taarifa ya mwaka 1990, walieleza watoto 189 waliolazwa kwa surua kali, wakagawanywa kwa kura. Wengine walipewa vitamini A, wengine dawa ya mfano isiyo na kitu, na watoa huduma hawakujua nani amepewa nini. Walikufa watoto 12: wawili katika kundi la vitamini, kumi katika kundi jingine. Hesabu ya sarafu kwa 12 hutoa njia 79 kati ya 4,096, yaani chini ya 2 katika kila 100. Zaidi ya hayo, nimonia ya waliopewa vitamini ilidumu siku 6.3 kwa wastani, na ya wenzao siku 12.4. Watoto wengi wa Cape Town hawakuwa na dalili ya ukavu wa macho. Kwa kuwatazama tu hakuna ambaye angesema wamepungukiwa.

Ukiyaweka London, Mvumi na Cape Town pamoja, miaka 58, mabara mawili, madaktari wasiojuana, na mwelekeo mmoja, ile namna ya pili ya kuisoma damu haiwezi tena kusimama peke yake kwa upande wa surua. Homa huishusha vitamini, ni kweli; lakini upungufu nao huua, na kuuziba huokoa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mwaka 1987 kwamba watoto wenye surua wapewe vitamini A katika nchi zenye upungufu, na baadaye pendekezo likapanuliwa kwa watoto wote wenye surua.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa rahisi kudai kwamba kila maambukizo ya virusi katika njia ya hewa yatapunguzwa ukali kwa vitamini. Watu wengi walidai hivyo, na dai lenyewe halikuwa la kipuuzi. Majaribio hayakulikubali.

Viko virusi vinavyojulikana kwa herufi RSV, ambavyo huwaletea watoto wachanga kikohozi na pumzi ya taabu kila mwaka. Watoto waliolazwa kwa ugonjwa huo walikutwa na vitamini A ndogo katika damu, sawasawa na wale wa surua. Majaribio ya Marekani na Chile yaliyotangazwa mwaka 1996 yaliwapa vitamini kwa kura. Kwa jumla hawakupona mapema kuliko wenzao. Jijini Dar es Salaam, Fawzi na wenzake waliwachunguza watoto 687 waliolazwa kwa nimonia isiyotokana na surua, na matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba vitamini A haikupunguza siku za kulazwa wala ukali wa ugonjwa. Hata hivyo, watoto haohao walipofuatiliwa baada ya kutoka hospitalini, vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopewa vitamini. Vitamini haikuwa dawa ya nimonia iliyokuwapo; ilikuwa sehemu ya lishe ya mtoto aliyerudi nyumbani. Mambo haya mawili hayapingani, ila huchanganywa kila siku.

Kwa vitamini D somo lilikuwa ghali zaidi. Vitamini hii hutengenezwa katika ngozi kwa mionzi ya urujuanimno ya jua, na maabara imeonyesha kwamba huzisaidia chembe nyeupe kutoa protini ya kuua vijidudu. Mwaka 1997 ilitolewa taarifa kutoka Addis Ababa: kati ya watoto 500 wenye nimonia, 210 walikuwa na matege ya ukosefu wa vitamini D, ilhali kati ya watoto 500 wasio na nimonia walikuwa 20 tu. Ni vigumu kuona tofauti kubwa kuliko hiyo. Lakini jaribio la Kabul, Afghanistan, lililotangazwa mwaka 2012, liliwapa watoto wachanga zaidi ya 1,500 vitamini D kila baada ya miezi mitatu na kuwalinganisha na idadi kama hiyo wasiopewa, na nimonia haikupungua.

UVIKO-19 ulipozuka, tarakimu za namna hiyo zilimiminika kutoka kila upande. Wagonjwa mahututi walikutwa na vitamini D ndogo, na katika miezi michache ya mwaka 2020 vidonge vilinunuliwa kwa wingi. Wachache waliuliza ni nani hao wenye vitamini D ndogo. Ni wazee wasiotoka nje, ni watu wanene ambao mafuta yao huificha vitamini, ni wenye kisukari na wagonjwa wa muda mrefu. Yaani ni walewale ambao UVIKO-19 ungewapiga vikali kwa sababu nyingine. Tena vitamini D nayo hushuka katika damu wakati wa homa. Nchini Brazili wagonjwa wapatao 240 waliolazwa walipewa kwa kura yuniti 200,000 kwa mara moja au dawa ya mfano. Taarifa ya mwaka 2021 ilisema hawakutoka hospitalini mapema. Mwaka 2022 jaribio la Uingereza la watu zaidi ya 6,000 halikuona kinga, wala lile la Norway, ambako watu zaidi ya 34,000 walipewa kijiko cha mafuta ya ini la chewa au mafuta mengine kila siku. Mkusanyo wa majaribio yote ya vitamini D na maambukizo ya njia ya hewa, ambao mwaka 2017 ulikuwa umeonyesha kinga ndogo, uliporudiwa mwaka 2025 ukiwa na watu zaidi ya 60,000 uliiona kinga hiyo imefifia kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati.

Kwa nini surua iitikie na mengine yasiitikie? Jibu linalokubalika zaidi ni kwamba surua hufanya mambo mawili kwa pamoja: huteketeza utando wa mwili mzima kwa siku chache, na humkuta mtoto ambaye ghala lake lilikuwa karibu tupu. RSV hukaa katika njia ya hewa tu, na mtoto wa Marekani ana ghala lililojaa. Malori yamepungua barabarani, basi. Kumwongezea shehena ghalani hakumsaidii. Tena shehena ikizidi ni sumu. Vitamini A haitoki kwa mkojo kama vitamini C, bali hulundikana katika ini, huweza kuliharibu, na kwa mama mjamzito huweza kukilemaza kiumbe tumboni. Surua ilipozuka Texas, Marekani, mwaka 2025, hasa miongoni mwa wasiochanjwa, baadhi ya watoto walifika hospitalini wakiwa na dalili za ini kuathirika baada ya kupewa vitamini A nyumbani kana kwamba ni mbadala wa chanjo. Chanjo huzuia surua isiingie. Vitamini, hata katika jaribio bora kuliko yote, haikumzuia yeyote asiugue.

Kipimo kinachopendekezwa kwa mtoto mwenye surua hutolewa na mhudumu wa afya, si na jirani: yuniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea, mara moja kwa siku, kwa siku mbili mfululizo. Siku ya pili isiachwe: majaribio yalipojumlishwa, dozi mbili zilipunguza vifo vya watoto walio chini ya miaka 2, lakini dozi moja haikuonyesha manufaa hayo. Mtoto mwenye dalili za macho hurudishwa baada ya wiki 2 hadi 6 kwa dozi ya tatu, ambayo ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu wakati huo vipele vimekwisha na mama anaamini kwamba mtoto amepona.